Lori Lililolazwa Ubavu

NENO KWA NENO
Na Omari Mwinyihamisi

Enzi zile habari za nje zilikuwa zikiingia kwa teleksi, karatasi ikijiviringisha mpaka sakafuni, nilipewa kipande cha habari kutoka Marekani nikitie Kiswahili upesi kabla gazeti halijakwenda mtamboni. Lori lilimshinda dereva mteremkoni, likaparamia nyumba ya watu. Kitenzi alichokitumia mwandishi wa kule kilikuwa “careen”. Sikukijua. Nikafungua kamusi, nikakuta maana moja tu: kulaza chombo ubavu ufukoni ili kisafishwe. Saa zilikuwa zimekwisha. Kulipokucha wasomaji wetu wakaambiwa kwamba lori “lililazwa ubavu mteremkoni”, na msahihishaji wetu, mzee wa Pangani, akaniuliza mbele ya kadamnasi: “Eti mwanangu, hilo lori lilikuwa linapakwa deheni?”

Chumba kizima kilicheka. Miaka ilipita ndipo nikatambua kwamba kamusi haikunidanganya, na Mmarekani yule naye hakukosea.

Neno hilo ni la baharini. Shina lake ni la Kilatini, “carina”, maana yake mkuku, na Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Kazi linayoitaja anaijua mtoto yeyote wa Nungwi au wa Lamu. Nahodha hungoja bamvua, wakati maji yanapopanda na kushuka karibu mita nne. Chombo husogezwa pwani alfajiri maji yakiwa yamejaa, na ikifika saa nne asubuhi bahari imekupwa, chombo kiko mchangani kimeegemea magadi au kimejilalia ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Mafundi hapo hawana nafasi ya soga. Wanakwangua mwani na magamba, wanapitisha moto wa makuti chini ya mbao kuua wadudu watoboao, wanashindilia pamba iliyolowa mafuta katika nyufa. Halafu inakuja deheni, chokaa na mafuta, inapakwa kwa viganja vitupu. Nimewahi kuipaka, na kwa siku tatu wali wangu wote ulikuwa na ladha ya sifa ya papa. Maji yakirudi kabla ubavu wa pili haujaguswa, hakuna la kufanya ila kungoja yakupwe tena.

Waingereza nao waliishi hivyo hivyo. Mwaka 1770 James Cook alipogonga mwamba mashariki ya Australia, meli yake Endeavour ilipandishwa ukingoni mwa mto na kutengenezwa kwa majuma kadhaa. Mwaka 1820 Phillip Parker King alilaza meli yake Mermaid katika ghuba moja ya magharibi ya bara hilo hilo, ghuba ambayo mpaka leo imebaki na jina la kazi hiyo, na watu wake wakachonga jina la meli na mwaka juu ya mti. Mti wenyewe ni wa ukoo wa mbuyu wetu, na maandishi bado yanasomeka.

Sasa, ilikuwaje neno la chombo kilichotulia likawa neno la lori lililokatika breki? Kwanza, chombo kikilazwa kinainama, na meli inayoinamishwa na upepo ikaanza kuitwa kwa neno hilo hilo. Pili, Kiingereza kina neno jirani, “career”, kwa sauti ni kama pacha wake, ingawa kwa ukoo hawajuani. Hilo lilitoka katika njia ya magari ya magurudumu, likawa uwanja wa kushindanisha farasi, likawa kitenzi cha kukimbia mbio zisizo na hatamu. (Ndilo hilo hilo linalotaja safari ya mtu kazini. Mzazi anayemhimiza mwanawe juu yake hajui kwamba anamwita farasi.) Karne ya 20 Wamarekani wakayachanganya: gari linalokimbia ovyo huku likiinama huku na huku likapewa neno la chombo kilicholala. Waingereza wengi bado wananung'unika, na wahariri wao huling'oa kila wakiliona.

Manung'uniko hayo siyaungi mkono, kwa sababu sisi tumefanya yale yale na hakuna aliyelia. Mrama ni nini? Ni kule kuyumba kwa chombo mawimbini, ubavu huu na ubavu huu. Leo ndoa zinakwenda mrama, biashara zinakwenda mrama, na anayesema hivyo huenda hajawahi kupanda hata ngalawa. Arijojo je? Hiyo ni ya kishada kilichokatika uzi, kinakwenda kinakotupwa na upepo. Siku hizi nayasikia yote mawili kwa maana moja, mambo kuharibika, ilhali chombo kinachokwenda mrama bado kina nahodha na usukani, na kishada kilichokwenda arijojo hakina mtu. Mwendokasi nao ulikuwa ni mwendo wa kasi tu hadi mwaka 2016, mabasi ya Dar es Salaam yalipolichukua jina. Sasa mtu anakwambia amesimama saa nzima akingoja mwendokasi, wala hashangai anachokisema.

Linaloniudhi mimi ni jingine. Fungua gazeti lolote, hili letu likiwemo, usome habari ya ajali: dereva alishindwa kulimudu gari, likaacha njia na kupinduka. Ajali ya Kitonga, ajali ya Sekenke, ajali ya barabara tambarare isiyo na hata kona, sentensi ni ile ile, kana kwamba imechongwa muhuri. Gari lililoserereka kwenye utelezi si lililoporomoka mteremkoni, na lililoyumba kwa kupasuka tairi si lililofyatuka kwa sababu utingo aliondoa jiwe mapema. Ukiuliza utingo mwenyewe atakueleza kwa neno lake hasa. Sisi tunalitupa, tunabandika muhuri wetu.

Juma lililopita kijana mmoja wa dawati la habari aliniletea habari ya lori la mbao. Aliandika kwamba liliporomoka likienda mrama, likasimama shambani mwa mihogo na dereva akashuka mzima. Kalamu nyekundu ilikuwa imekwishapita: mrama umefutwa, pembeni pameandikwa “alishindwa kulimudu”. Nikamuuliza dereva alikuwa ameshika usukani? Akajibu ndiyo, mpaka mihogoni, na ndiye aliyeliepusha na nyumba mbili. Nikarudisha mrama.