Kafara ya Nahodha Evans

Na Omari Mwinyikombo

Katika njia zote za kuufungua mchezo wa sataranji, hakuna inayonipendeza kuliko ile iliyobuniwa katika miaka ya 1820 na William Davies Evans wa Wales, nahodha ambaye riziki yake ilitoka baharini, wala hakuwa bingwa wa kuuishi mchezo huo.

Baada ya kila upande kutoa kitunda cha mbele ya mfalme, kisha farasi, kisha askofu, mweupe katika zamu yake ya nne husukuma nyumba mbili kitunda kilicho mbele ya farasi wa upande wa malkia, akakiacha usoni pa askofu mweusi bila ya kinga yo yote. Askofu hukila, na hapo ndipo hila hudhihiri: kitunda cha jirani humtishia askofu yule yule, naye hulazimika kukimbia, na katika muda huo wa kukimbia mweupe huimiliki kati ya ubao na kumsitiri mfalme wake, ilhali mfalme mweusi angali wazi.

Alexander McDonnell, aliyekuwa hodari wa London, alishindwa na nahodha kwa kafara hiyo, lakini hakuona haya kuishika silaha iliyomjeruhi, akaitumia dhidi ya Mfaransa La Bourdonnais walipokabiliana katika klabu ya Westminster mwaka 1834. Na mwaka 1995, huko Riga, Garry Kasparov alimshinda kwayo Viswanathan Anand kwa hatua 25.

Walimu wa klabu huwaonya vijana kwamba kafara hii ina dawa yake, nayo ni mweusi kukirejesha kile kitunda kwa wakati wake. Ni kweli, wala sikatai. Lakini dawa hiyo yataka utulivu na maarifa ambayo mchezaji wa jioni, aliyetoka kazini na saa ikimhimiza ubavuni, ni nadra kuwa nayo. Na kijana aliyefundishwa tangu awali kuhodhi vitunda tu hatafahamu kamwe thamani ya zamu moja. Mimi naona ni heri ashindwe akishambulia.

Kwa hiyo nawasihi walimu: mwanafunzi akikisukuma kitunda kile, msimzuie mkono. Mwacheni acheze hadi mwisho, kisha ketini naye mkaukague mchezo wote, zamu kwa zamu, kuanzia ile ya nne.