Kiangazi kinaisha, twendeni milimani

Haya jamani, kiangazi ndicho hicho kinafunga virago. Wiki chache zijazo mawingu yataanza kukusanyika upande wa magharibi, wazee wataangalia juu na kusema "mwaka huu itawahi", majembe yatatoka uvunguni na habari ya mtu kuzurura vilimani itakuwa imeisha mpaka mwakani.

Wenzetu wa Ulaya wana kipindi kinachofanana na hiki. Majira yao ya baridi yakikaribia mwisho, theluji ikianza kuyeyuka, utawaona wamevaa viatu vizito, wamebeba mkate na chupa ya chai, wanaingia porini. Hawafuati kuni wala ng'ombe aliyepotea. Wanatembea tu, magazeti yao yanawachapia ramani za njia na mtu akirudi kazini Jumatatu anasimulia alikofika.

Sisi theluji hatuna, labda kule kileleni Kilimanjaro, nayo inapungua. Lakini tunao mwisho wa kiangazi, na mimi nasema kwamba kwa kutembea hakuna majira mazuri kuliko haya. Nazungumzia kwetu Nyamigogo na eneo lote hili la Ngara na Biharamulo. Baridi ya asubuhi ya Juni na Julai, ile ya kukufanya uongee huku unatoa moshi mdomoni, imeshalegea. Nyasi zimelala, kwa hiyo unaona unapokanyaga. Vijito unavivuka kwa kuruka mawe. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi wa mjini hawalijui: miti ya miombo haingoji mvua. Ardhi ikiwa bado kavu kabisa, inaanza kutoa majani mapya, na majani hayo huanza kwa rangi nyekundu na ya shaba kabla ya kuwa ya kijani. Ukisimama juu ya kilima mwezi wa tisa ukaangalia chini, utadhani kuna mtu amepaka msitu rangi.

Sasa niulize: ni wangapi kati yetu tumewahi kuliona hilo?

Kijana msomi wa leo anaijua London kwa televisheni, anaijua Serengeti kwa matangazo na Zanzibar kwa picha za harusi za rafiki zake. Lakini mwulize jina la kilima kilicho nyuma ya nyumba ya babu yake. Mwulize chemchemi ya kijiji inatoka wapi. Hajui. Akienda likizo anashuka kwenye basi, anapanda bodaboda mpaka mlangoni, anakaa siku nne akitafuta mtandao, anapanda bodaboda tena mpaka stendi. Amefika nyumbani bila miguu yake kugusa nyumbani.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia mengi.

La kwanza: huo ni Uzungu. Kutembea bila shughuli ni mambo ya watu walioshiba. Huwa najiuliza, tangu lini miguu ikawa mali ya Wazungu? Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, siku kadhaa njiani. Gari alikuwa nalo. Alitembea kwa sababu alijua kwamba mwendo wa miguu unasema jambo ambalo hotuba haiwezi kulisema, na kwamba ukipita kijijini kwa miguu mtu wa pale anakusalimu, ukipita kwa gari anakula vumbi. Mimi sikwambii utembee kilomita 200. Nakwambia kumi.

La pili ni zito zaidi na silipuuzi. Mama mmoja wa jirani aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mimi natembea kila siku na hakuna anayenipongeza." Alikuwa na ndoo kichwani. Kweli kabisa. Wanawake wa vijijini wanapanda na kushuka vilima hivi kuliko chama chochote cha wapanda milima, tena wakiwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Kuna aibu fulani kupishana nao ukiwa umebeba chupa ya maji ya dukani na kusema umekuja kufurahia mandhari.

Lakini tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho. Kama kutembea kwa raha ni haki ya waliopumzika, basi tatizo ni kwamba yule mama hapumziki. Dawa yake ni bomba la maji karibu na nyumba yake ili naye siku moja apande kilima kile akiwa mikono mitupu. Mimi nikijifungia ndani, ndoo yake haipungui uzito. Ila nikitembea njia yake kwa miguu yangu, nikaona ni mbali kiasi gani na mwinuko wake ulivyo, nikirudi chumba cha habari sitaandika tena kwamba "wananchi wanafuata maji umbali mrefu". Nitaandika umbali wenyewe. Mwandishi aliyetembea na mwandishi aliyepiga simu hawaandiki habari moja, na wahariri wetu wanalijua hilo hata kama bajeti ya usafiri haisemi hivyo.

La tatu ni usalama. Hapa watu wa kwetu wana kumbukumbu. Waliosafiri kwenye mapori ya Biharamulo miaka ya tisini na miaka ya mwanzo ya elfu mbili wanakumbuka mabasi yakisubiriana ili yapite kwa msafara na askari wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Na wanaoishi karibu na mpaka wanakumbuka Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ambapo wahamiaji wengi waliondolewa Kagera, Kigoma na Geita, na hata watu waliokaa hapa miaka mingi wakajikuta matatani. Kwa hiyo mzee anapokuona unaelekea kilimani na kukuuliza, "Mjukuu wangu, unatafuta nini huko?", usikasirike. Ametoka mbali na swali hilo.

Jibu lake ni adabu. Ukifika kijiji usichokifahamu, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa mtendaji. Toa shikamoo, taja ukoo wako, sema unakokwenda na saa ya kurudi. Beba kitambulisho. Omba kijana wa pale akuongoze na umlipe kama unavyomlipa fundi, siyo soda na asante. Yeye anajua nyati wanapita wapi, nyuki wako mti gani na shamba gani usilikanyage. Usiende peke yako, na hasa akina dada, nendeni kwa kundi, siyo kwa sababu hamuwezi bali kwa sababu bado wapo wajinga wanaodhani mwanamke asiye na mzigo kichwani amepotea njia.

Na ukishaenda, utaona nini? Tuanzie Rusumo. Wengi tunapajua kama kituo cha mpakani chenye foleni ya malori. Pale Mto Ruvuvu unaotoka Burundi unaungana na maji yanayotoka Rwanda, kisha mto unajitupa kwenye maporomoko na kuendelea kwa jina la Kagera mpaka Ziwa Victoria. Yaani maji unayoyaona pale yana safari ya kwenda Misri. Hapo ndipo Mjerumani von Götzen alipovukia kuingia Rwanda mwaka 1894, huyo huyo ambaye baadaye alikuwa gavana wakati Vita vya Maji Maji vinaanza mwaka 1905. Hapo hapo, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia kutoka Rwanda, na vilima vya Ngara vikageuka mji wa maturubai ulioitwa Benaco. Leo kuna mradi wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Historia yote hiyo iko mahali ambapo sisi tunashuka kununua ndizi za kuchoma na kupanda tena basi.

Vilima vya Benaco navyo vina somo. Watu wengi namna ile walihitaji kuni za kupikia kila siku, na miti ikaisha kwa mbali sana kuzunguka kambi. Ukitembea pale na mzee aliyekuwepo, atakuonyesha kwa kidole pori la zamani lilipoishia na hili jipya lilipoanzia. Hilo huwezi kulisoma kwenye dirisha la basi.

Halafu kuna Burigi-Chato, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019 baada ya kuunganishwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 4,700, na ndani yake kuna Ziwa Burigi. Mtanzania analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Lakini nenda kwenye vijiji vya jirani uulize vijana wa umri wetu ni wangapi wameingia kama wageni. Kwa wengi hifadhi ni mahali pa kukamatwa: ng'ombe akivuka, kesi, ukiokota kuni, kesi. Mtu anayeijua hifadhi kwa faini peke yake utamwambiaje aipende?

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wa Uingereza, wengi wao wafanyakazi wa viwandani huko Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa. Mlima ulikuwa umefungwa ili matajiri wawinde ndege. Walitaka kutembea Jumapili, siku yao pekee ya mapumziko. Watano walifungwa jela. Lakini kelele zile zilisaidia: mwaka 1949 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na njia za kupita mashambani, na mwaka 1951 eneo lile likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo. Waliotetea njia zile ni watu waliokuwa wakizitumia.

Sisi sisemi tuvunje sheria. Nasema tutumie tulicho nacho. Nje ya hifadhi kuna vilima vingi vilivyo kwenye ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji madaraka ya kusimamia ardhi hiyo. Kijiji kinaweza kutenga njia moja ya kupanda kilima, kuichonga, kuwaandaa vijana watatu wa kuongoza na kutoza ada ndogo inayoingia kwenye mfuko wa kijiji. Haihitaji mfadhili wala semina ya siku tano hotelini. Inahitaji panga, jembe na mkutano mmoja. Shule za sekondari zingeweza kuwa wateja wa kwanza: somo la jiografia lifundishwe kilimani, siyo ubaoni tu.

Na tusipofanya hivyo? Tazama vilima vinavyowaka moto kila Agosti. Moto kichaa, mtu anachoma nyasi ili ziote mpya, au anaachia moto wa kurina asali, na jioni kilima kizima ni cheusi. Nani anapiga kelele? Hakuna, kwa sababu kile kilima ni cha kila mtu na hakuna anayekwenda. Kesho mwenye lori la kokoto atakuja kukimega upande mmoja, na hakuna atakayegundua mpaka chemchemi ikauke. Majina ya mabonde na miti kwa Kihangaza na Kishubi wanayo wazee peke yao, nao wanatutoka kila mwaka. Majina hayo yalikuwa yanarithishwa njiani, mkubwa mbele na mdogo nyuma, anaulizwa na kujibu. Njia ikiota nyasi, na majina yanapotea nayo.

Kwa hiyo wewe uliyeko Mwanza, Dar au Bukoba na una siku nne za likizo kabla ya mvua, fanya hivi. Nenda kwenu. Mtafute mzee mmoja mwenye magoti bado mazima, au mjukuu wake kama yake yamechoka. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Bebeni maji, viazi vya kuchemsha na daftari. Kila kilima na kila mti uliza jina, liandike. Usiwashe moto. Takataka zako rudi nazo.

Mvua za kwanza zikianza, njia zitateleza na kila mtu atakuwa shambani, kama inavyotakiwa. Siku hizi chache za vumbi na majani mekundu ndizo zetu. Nawasilisha.