Kabla Hujaandika "Mwamba", Uliza Kamba Imefungwa Wapi

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita.

Staa mmoja hapa mjini, jina kapuni, aliposti video anakunywa kahawa ghorofani. Nje ya kioo kuna kijana ananing'inia na kamba, anafuta vioo. Staa akamgongea kioo, akacheka, akaandika "huyu mwamba kabisa". Likes kibao. Na mimi nikaweka vimoto vyangu vitatu.

Kumbe kijana mwenyewe namjua! Tumekua wote Likunja, kule Ruangwa, tumeokota korosho pamoja. Nikampigia kumtania kwamba amekuwa maarufu. Akanitumia picha aliyopiga juu ya paa siku ile ile. Wadau, kamba ilikuwa imefungwa kwenye bomba la tanki la maji. Kamba yenyewe moja tu. Nikamuuliza, "Ndo mnaning'inia na hiyo?" Akajibu, "Kaka, ndo tulichokikuta. Jengo halina chuma cha kufungia."

Usiku ule sikulala vizuri. Kwetu mtu akitaka kushuka kisimani, wazee hawamuulizi kama ni jasiri. Wanaenda kwenye mti uliofungwa kamba, wanautikisa, wanaangalia fundo, ndo anashuka. Sasa kisima tunakiogopa, ghorofa 20 tunapiga makofi?

Tuelewane hapa. Mtu wa kilo 70 akining'inia ametulia, kamba inabeba kilo 70. Akiteleza, akadondoka mita mbili halafu kamba imdake ghafla, ule mshtuko unazidi uzito wake mara kadhaa. Umewahi kuchota maji kisimani? Ukiishusha ndoo taratibu hakuna shida, ila ikikuponyoka halafu uidake kamba, mkono unautambua.

Ndo maana Marekani sheria inataka kila sehemu ya kufungia kamba ihimili pauni 5,000, yaani karibu kilo 2,270, kwa kila mfanyakazi. Mwenye jengo ndiye anayempa mwajiri maandishi kwamba sehemu hizo zimepimwa. Zinakaguliwa kila mwaka, na kuthibitishwa upya angalau kila baada ya miaka 10. Na mfanyakazi lazima awe na kamba ya pili ya kumdaka, ya kwanza ikigoma.

Na huko pia watu wameumia. Desemba 2007, New York, ndugu wawili kutoka Ekuador walikuwa wanasafisha vioo vya jengo la ghorofa 47. Jukwaa lao likaachia kule juu, wakadondoka mpaka chini. Mmoja alifariki, mwingine akapona. Watu wengi waliongelea muujiza wa aliyepona. Mimi nawaza aliyekufa, maana kilichomuua kilikuwa kule juu ya paa, na kingeweza kuonekana mapema.

Hapa Bongo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na OSHA wapo. WCF nao wapo kwa ajili ya fidia. Lakini fidia haiungi uti wa mgongo.

Najua wapo watakaosema "kama anaogopa aache kazi". Aache ale nini? Akikataa kupanda, kuna mwingine anasubiri getini. Ndo maana hili tusimwachie kijana wa kamba. Ni la mwenye jengo. Mtu ameweka marumaru mapokezi na taa za rangi nje, anashindwaje kuweka vyuma vilivyopimwa juu ya paa? Na nyie wapangaji mnaolipa kodi humo, nyie ndo mnasikilizwa. Mkiuliza, meneja atajibu.

Vimoto vyangu nimevifuta. Nimemwandikia yule staa, "Kaka, una mashabiki wengi, muulize meneja wa jengo lako kamba za wale vijana zinafungwa wapi." Mpaka naandika hapa hajajibu. Mshkaji wangu anapanda tena Jumamosi.

Wewe ofisini kwenu umewahi kupanda juu kuangalia? Dondosha maoni hapo chini, na usimtaje mtu jina.