Umeme Ulipokatika, VPN Nayo Ikagoma

Mama mwenzetu, je, umewahi kumkaripia mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya? Sisi tulifanya hivyo majuzi, na chanzo kilikuwa ruta.

Nyumbani kwetu kazi ya hesabu za ofisi hufanyika kwenye meza ya chakula, watoto wakishalala. Ofisi hairuhusu vitabu vyake kufunguliwa ila kwa kupitia VPN, yaani njia iliyofungwa ndani ya intaneti ili wengine wasisome yanayopita. (Hapa Tanzania, TCRA ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa kwake, uliza kama kazini kwako wamefanya hivyo.) Kijana wetu mkubwa ndiye aliyeondoa programu iliyokuja na ruta, akaweka OpenWrt, kisha akafunga WireGuard humo humo.

Jumanne moja umeme ulikatika. Uliporudi, taa za ruta ziliwaka zote, lakini hakuna ukurasa uliofunguka, na mishahara ya watu ilikuwa itumwe usiku huo. Tukampigia simu chuoni: "Si tulikukataza kuchezea ruta?" Akajibu kwa upole, "Shikamoo mama. Hebu tazama kwanza, ruta inasema leo ni tarehe ngapi?"

Tukaandika 192.168.1.1 kwenye kompyuta, tukaingia. Ruta ilikuwa nyuma siku tisa!

Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa. Zikizimika husahau wakati, na OpenWrt ikiamka hushika tarehe ya faili jipya kuliko yote katika mipangilio yake, kisha huuliza saa sahihi kwenye intaneti. Sasa WireGuard huweka muhuri wa saa katika salamu yake ya kwanza. Upande wa pili ukiona muhuri uliopitwa na ule wa mwisho uliopokea, hunyamaza, kana kwamba ni mwizi anayerudia salamu aliyoinasa. Na ruta yetu haikuweza kuuliza saa, kwa sababu majina yote ya intaneti iliyauliza kwa seva ya ofisi, iliyo ndani ya VPN ile ile. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Kwenye ukurasa wa mfumo kuna kitufe cha kulinganisha saa ya ruta na ya kompyuta. Tulikibonyeza, tukangoja kidogo, ofisi ikafunguka.

Kama kwako salamu inapokelewa lakini kurasa nyingine hukwama nusu, hilo ni jambo jingine: huenda vifurushi vya data ni vikubwa mno kwa njia. Ukubwa wa kawaida wa WireGuard, uitwao MTU, ni 1420. Ushushe hadi 1380, au hata 1280, ujaribu tena. Lakini hifadhi nakala ya mipangilio kwanza, tafadhali.

Mishahara ilitoka saa nne usiku. Jumamosi kijana alikuja, akaandika seva ya saa kwa namba badala ya jina. Tulimwomba msamaha mbele ya wadogo zake, maana nao walisikia tulivyomfokea.