Mafuta Yanahama, Mchezaji Abaki Palepale?

Anayesema kwamba mchezaji hodari wa boling hurusha vilevile mwanzo hadi mwisho anawapotosha wanaojifunza. Njia ya boling ina mbao 39 zilizopakwa mafuta, na kila tufe likipita huyafuta hapa na kuyasogeza kule. Tufe lililokuwa likiingia barabara sasa linakata kona mapema, linaivaa pini ya mbele uso kwa uso na kuacha pini zimesimama huku na huku. Tatizo si mkono! Kwa anayerusha kwa kulia, kawaida inatosha kusogeza miguu mbao mbili kushoto na shabaha mbao moja upande huohuo. Kuita kusogea huko kuyumba ni kutoutazama mchezo wenyewe. Tufe likizidi kukata, sogea tena.