Msahafu Chini ya Vidole

Sisi walimu wa chuoni tumewasomesha watoto wasioona kwa masikio tu, tukadhani yatosha. Mtoto huhifadhi, naam. Lakini akitatizika katika aya usiku wa manane, amwamshe nani? Msahafu wa breli, ambao kila herufi yake ni nukta zilizoinuka zisizozidi sita, humjibu papo hapo chini ya vidole. (Ajabu yake, Kiarabu cha breli husomwa kutoka kushoto kwenda kulia.) Naye mama asiyeona, akiijua breli, hubandika alama mikebeni na kwenye chupa za dawa, asije akamnywesha mwanawe dawa ya kupaka. Barua yake pia huisoma mwenyewe, hata iwe ya posa, na jirani asijue imetoka kwa nani.