Dereva wa Bodaboda Naye Ana Mifupa



Sisi tunaofuata vitambaa Guangzhou tunaijua Kangle, kijiji kilichomezwa na jiji, wilaya ya Haizhu, jirani na soko la vitambaa la Zhongda. Vichochoro vyake vimejaa karakana za ushonaji, na marobota hubebwa kwa pikipiki na maguta ya umeme. Humo humo baiskeli zinapita. Vikigongana, macho yote huenda kwa mwenye baiskeli. Dereva je?

Sheria ya China ya usalama barabarani, kifungu cha 76, inambana mwenye chombo cha moto. Akigongana na baiskeli, fidia ambayo bima haikuitosheleza inamwangukia yeye. Hata asipokuwa na kosa, anaweza kudaiwa hadi asilimia 10. Msingi wake siupingi: mwenye gari ana bati na mkanda, wa baiskeli hana kitu.

Lakini wa pikipiki ana nini? Naye anafikia lami kwa goti na kichwa. Na mpaka kati yao ni mwembamba. Kwa kiwango cha taifa, baiskeli ya umeme haipaswi kuzidi kilomita 25 kwa saa. Inayozidi haihesabiwi baiskeli. Watu wawili walioketi juu ya vyombo vinavyofanana, mmoja sheria inamwita mnyonge, mwingine mwenye nguvu.

Bima ya lazima ya huko, iliyoanza Julai 2006, inamlipa mtu wa nje, si dereva. Nyumbani ni yale yale. Bima ndogo anayokata bodaboda wa Dar es Salaam au Mombasa ni ya kumfidia mwingine. Akigongana na baiskeli ya muuza mkaa akavunjika mguu, bima aliyoilipia mwenyewe haimtambui. Ndugu wanachangishana, na tajiri mwenye pikipiki bado anadai hesabu yake.

Ninachopendekeza ni kidogo: bima ya lazima ya pikipiki na bajaji imtibu na dereva wake, awe na kosa au asiwe nalo. Mtasema ada itapanda. Kweli, itapanda. Ila gharama hiyo ipo tayari leo, inalipwa na mke aliyeuza cherehani na mtoto aliyeacha shule. Afadhali tuigawane wote.